Nailoni ya Serikali Haitolewi

Iko nchi moja, wala si hii yetu, maana hapa kwetu kila kitu kinakwenda sawa na anayebisha akabishe kwao. Nchi ninayoisema mimi iko mbali kidogo, upande ule ambao ramani hukunjwa. Watu wake ni wapole na wakarimu, nao wana tabia moja ambayo sidhani kama utaikuta kwingine: kitu kipya hawakivui nailoni.

Ukiingia nyumba yoyote ya nchi hiyo utakuta makochi bado yamo ndani ya nailoni yaliyotoka nayo dukani. Mgeni akikaa, jasho linamganda mapajani, na akiinuka kochi linalia. Rimoti ya televisheni imo ndani ya nailoni na imefungwa rababendi. Godoro la maharusi linakaa na nailoni yake mpaka mtoto wa tatu. Usidhani ni ubahili, ni heshima. Kitu kikivuliwa nailoni kimeanza kuzeeka, na nani anataka kuonekana anazeesha vitu? Hata kiti cha Mlezi wa Taifa, yule mzee mtukufu aliyeanza kutawala bibi yangu akiwa bado anatambaa, kina nailoni yake ya kiwandani. Mzee akijigeuza kidogo tu, baraza zima la mawaziri husimama, kwa sababu hakuna anayejua kama mlio ule ni wa kiti au ni wa amri.

Basi mwaka huo Mlezi wa Taifa aligundua kwamba watu wakiwa ndani ya magari hawamshukuru. Nyumbani walimshukuru, maana balozi wa nyumba kumi alikuwepo. Kazini walimshukuru kabla ya chai. Lakini barabarani hapo katikati palikuwa na pengo kubwa, na wataalamu walikadiria kwamba taifa linapoteza shukrani laki nne kwa siku kwenye foleni peke yake. Dawa ikaagizwa kutoka ng'ambo. Ilikuwa kisanduku cheusi chenye ukubwa wa mkate, cha kufungwa juu ya dashibodi ya kila gari, nacho kikapewa jina la Mshukuru. Ukiwasha gari, Mshukuru anasema kwa sauti ya Mlezi mwenyewe, "Umefika hapa kwa sababu yangu." Nanyi mliomo mnajibu, "Tunashukuru." Anahesabu sauti. Zikipungua idadi ya vichwa, anapeleka taarifa panapohusika.

Ili dereva mjanja asimnyamazishe kwa kung'oa waya, Mshukuru alitiwa betri yake mwenyewe tumboni, betri ya lithiamu, nzito na yenye nguvu. Gari likizima, yeye anaendelea.

Kazi ya kuwafunga Mshukuru kwenye magari ya umma alipewa Mwamvua Kilindi, fundi umeme wa Karakana Kuu ya Taifa. Alikuwa mama wa miaka arobaini, mwenye mikono yenye makovu ya risasi ya kuchomelea, na alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya sana kwa mtu wa nchi ile: aliamini kwamba mkubwa akielezwa jambo vizuri, kwa maandishi safi, atalielewa na kulifanyia kazi. Huu ugonjwa hauna chanjo. Mumewe, Shomari, alikuwa dereva wa zimamoto. Aliendesha Gari Namba Moja, ambalo ndilo lilikuwa gari pekee la zimamoto mjini lenye pampu inayotoa maji. Namba Mbili na Namba Tatu yalikuwepo kwa ajili ya maandamano.

Mshukuru walifika karakana kwa makontena, kila mmoja ndani ya nailoni yake. Mwamvua alipomgeuza wa kwanza, aliona matundu madogo madogo ubavuni. Fundi yeyote anajua matundu yale ni ya kutolea joto. Akachukua kisu akachane nailoni.

"Wee! Wee! Weka kisu chini!" Msimamizi wa karakana alikuja mbio akishika kofia. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu na hakutaka hata dakika moja ya hiyo miaka imtikise. "Hujasoma waraka? Nailoni ya serikali haitolewi."

"Bosi, kifaa hiki kinapumulia hapa."

"Kitapumua kikishazoea," alisema msimamizi. Akampa waraka. Uliandikwa kwa herufi kubwa, na wenyewe pia ulikuwa ndani ya nailoni.

*

Mwezi wa pili magari yalianza kurudi. Madereva walilalamika kwamba Mshukuru amenenepa. Mwamvua alipomfungua mmoja alikuta betri imevimba kama andazi, inanukia utamu fulani wa dawa, kama rangi ya kucha. Hapo akajua. Chuoni walifundishwa kwamba betri ya aina hii haipendi joto. Ikibanwa kwenye joto huanza kujipasha yenyewe, na ikishaanza haisikii la mtu.

Lakini kujua hakutoshi, akataka kupima. Aliyapanga magari mawili mabovu uani, juani, vioo vimefungwa. Kwenye moja aliweka Mshukuru mwenye nailoni, kwenye lingine asiye na nailoni. Akakaa kwenye kreti na kipimajoto, na msimamizi akaja kukaa naye ili aweze kusema baadaye kwamba hakuwepo.

Saa sita ikapita. Saa saba na nusu yule wa nailoni akaanza kuzomea kwa sauti nyembamba. Moshi mweupe ukajaa ndani ya gari, na kabla msimamizi hajamaliza kusema "labda ni vumbi", moto ukatoka mrefu, wa rangi mbaya, ukashika dashibodi na nailoni ikaanza kudondoka matone yanayowaka. Mwamvua alimwaga ndoo nne za mchanga. Ukazimika. Baada ya robo saa ukawaka tena wenyewe. Na katikati ya moto huo, sauti ya Mlezi wa Taifa, iliyokwisha kuanza kuyeyuka, ikasema, "Umefika hapa kwa sababu yangu."

"Tunashukuru," alijibu msimamizi, amesimama wima, machozi ya moshi yanamtoka.

Yule asiye na nailoni alikuwa amepata joto tu.

Jioni hiyo hiyo Mwamvua aliandika ripoti sebuleni kwake. Shomari alikaa kwenye kochi akiisoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, ili waone panapokwaruza. Zilikuwa kurasa nne, hazina matusi wala siasa. Zilisema nailoni ivuliwe, matundu yaachwe wazi, kisanduku kiondolewe juu ya dashibodi kiwekwe chini miguuni, mahali pasipo na jua, na kila betri iliyovimba itolewe siku hiyo hiyo.

"Mama Zuwena, hii hata mtoto anaelewa," alisema Shomari. "Unampelekea nani?"

"Mwalimu Hoza."

Shomari alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna mtu mjini ambaye angesema vinginevyo.

*

Kitwana Hoza alimfundisha Mwamvua miaka mitatu katika chuo cha ufundi. Ndiye aliyewahi kumfelisha mtoto wa waziri somo la umeme, na alipoambiwa asahihishe upya alisahihisha upya na kumpunguzia alama mbili zaidi. Wakamhamishia shule ya msingi ya mpakani, akafundishe watoto kuchora jua. Wanafunzi wake walichanga wakamnunulia koti la baridi, na Mwamvua ndiye aliyempelekea stendi, akilia. Miaka ikapita, serikali ikakumbuka kwamba ina mtu mwaminifu, ikamrudisha mjini na kumfanya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Vifaa Vitukufu. Akapewa gari, kisha akapewa gari la pili la kulifuata lile la kwanza. Kama kuna kitu kilibadilika ndani yake kati ya lile koti na magari haya, hakuna aliyekiona.

Mwamvua alipanga foleni kuanzia asubuhi mpaka alasiri kabla ya kuingizwa ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Mama yenu nyumbani anakuulizia kila siku." Kochi la ofisi lililia. Mwalimu Hoza akavaa miwani, akasoma kurasa zote nne bila kuinua kichwa, na alipomaliza akarudia ya tatu. "Umepima mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Hii ni hatari, Mwamvua."

Alijisikia kama mzigo umeshushwa kichwani. Mtu amesoma, na ameita hatari kwa jina lake! "Ndiyo maana nimekuja kwako, Mwalimu. Kuna magari ya wagonjwa. Kuna mabasi ya shule. Shomari wangu mwenyewe anashinda ndani ya gari lenye Mshukuru wawili, mmoja wa zimamoto na mmoja wa ziada kwa sababu ni gari la serikali."

"Nitaipeleka juu mwenyewe, leo hii. Na wewe sitakuacha. Jambo likiwa gumu niko hapa." Akampa kalamu atie saini kila ukurasa. Kisha akaongeza karatasi ya tano, nyeupe, isiyo na neno. "Tia na hapa chini. Wakubwa huwa wanataka kiambatisho, sijui muhtasari. Vijana wangu watachapa. Foleni yenyewe umeiona, sitaki uhangaike kurudi."

Akatia saini. Wewe msomaji usimcheke. Angekuwa mtu mwingine angeuliza, lakini yule alikuwa Mwalimu.

*

Serikali ilijibu haraka kuliko ilivyotarajiwa. Wiki iliyofuata Waziri wa Uchukuzi na Shukrani, Mheshimiwa Daktari Daktari Nguzo Matumla, aliyekuwa na shahada mbili za heshima na hakutaka hata moja ijisikie vibaya, alihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi! Tumepokea taarifa kutoka kwa wataalamu wetu wazalendo kwamba Mshukuru ana matundu ubavuni. Matundu hayo, ndugu zangu, yanaonekana! Watoto wanayaona! Hivi kweli tunaweza kuacha sauti ya Mlezi wa Taifa ikae hadharani, juu ya dashibodi, nusu uchi? Serikali imetafakari kwa kina. Kuanzia Jumatatu kila Mshukuru atafunikwa kitambaa cha kufuma, kizito, chenye maua, juu ya ile nailoni yake. Akina mama wa taifa hili wameshaanza kufuma. Mungu awabariki vidole."

Mwamvua aliyasikia hayo akiwa chini ya lori, na bisibisi ikamdondokea usoni. Alimpigia Mwalimu Hoza.

"Mwalimu, wamefanya kinyume! Wamefanya kinyume kabisa!"

"Nimesikia, mwanangu. Nimesikia kwa uchungu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. "Mambo ya juu hayaendi kwa pupa. Ripoti yako iko mezani. Usiongee na mtu mwingine, utaharibu. Niachie mimi."

Akamwachia. Alifunga Mshukuru na vitambaa vyao siku baada ya siku, na kila alipokaza skrubu alijiambia kwamba Mwalimu anashughulikia. Wakati huo huo gari la mikate liliungua sokoni saa sita mchana, na lori la saruji likaungua mbele ya benki. Waziri alieleza kwamba magari hayo hayakuungua. Yalizidiwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa madereva walikuwa wakisema "tunashukuru" kutoka mdomoni badala ya moyoni, na shukrani ya mdomoni ikirudiwa mara nyingi huleta msuguano. Dereva wa mikate, ambaye alifungwa bendeji kichwa kizima, alitakiwa kurudia mafunzo ya kushukuru. Gari la tatu lilipoungua, ikatangazwa kwamba vitambaa sasa vitakuwa viwili.

Mwamvua akaenda tena kupanga foleni. Safari hii Mwalimu Hoza alimpokea amesimama mlangoni.

"Nakuomba jambo moja tu," Mwamvua alisema. "Gari la mume wangu. Nchi nzima nitasubiri, lakini lile gari, Mwalimu, linasimama juani kutwa. Na likiungua lile, nani atazima mengine?"

Mwalimu Hoza alitazama kushoto na kulia, akamsogelea sikioni. "Vua. Vua kimyakimya, usimwambie mtu. Mimi nitakulinda."

Alirudi nyumbani anakimbia kama msichana. Kesho yake alfajiri alichana nailoni zote mbili za Gari Namba Moja, akatupa vitambaa, akashusha visanduku miguuni. Shomari alimtania kwamba sasa Mlezi anaongea kutoka kwenye viatu. Wote wawili walicheka mpaka wakashikana.

Siku ya pili wakaguzi wa Mamlaka wakaingia kituo cha zimamoto. Hawakukagua Namba Mbili wala Namba Tatu. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Shomari, wakapiga picha, wakaandika, wakawarudisha Mshukuru juu ya dashibodi na kuwavika nailoni mpya mara tatu, na vitambaa vinne juu yake, vikashonwa kwa sindano ili visivuliwe tena.

"Nani kawaambia?" Shomari aliuliza jioni.

"Sijui," alisema Mwamvua. Alijua kwamba watu waliojua walikuwa watatu tu. Alihesabu mara nyingi, na kila alipofika kwa wa tatu aliacha kuhesabu akaenda kuosha vyombo.

*

Siku ya Shukrani huadhimishwa mchana, kwa kuwa jua nalo hutakiwa kuhudhuria. Magari yote ya umma yalipangwa uwanjani kuanzia saa nne asubuhi, vioo vimefungwa ili sauti ya Mshukuru isipotee hewani, na madereva wamekatazwa kushuka mpaka Mlezi wa Taifa amalize kuhutubia. Mlezi alianza saa tano. Saa nane alikuwa amefikia utoto wake.

Mwamvua alikuwa jukwaa la mafundi, ng'ambo ya uwanja. Aliona moshi mweupe ndani ya kioo cha Namba Moja kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu macho yake hayakuwa yametoka pale tangu saa nne.

"Shuka!" alipiga kelele. "Baba Zuwena, shuka!"

Bendi ilikuwa inapiga. Shomari angeweza kushuka wakati huo, amri au si amri. Lakini alifikiri juu ya pampu, ile pampu pekee ya mji mzima, akamkumbatia Mshukuru wa kwanza kwa mikono mitupu ili amtupe nje, na zile sindano za wakaguzi zilikuwa zimeshona vizuri. Alipofanikiwa kumng'oa, wa pili akalipuka. Mtangazaji wa sherehe, mtu mwenye akili za haraka, akanguruma kwenye kipaza sauti, "Na sasa, fataki!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Mtu mmoja mwenye busara alipiga simu ya dharura ya zimamoto, na simu ikasikika ikiita ndani ya Namba Moja mpaka nayo ikaungua.

Shomari alitoka katikati ya makofi hayo, mikono yake mbele, ngozi inaning'inia kama glavu. Alipomwona mkewe anakimbia alimwambia, kama anayeomba radhi, "Pampu imekwenda, mama."

*

Tume ya Kumtafuta Aliyehusika iliundwa ikiwa imekwisha kumpata. Mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu Kitwana Hoza. Mwamvua aliposikia jina hilo aliinua mikono akamshukuru Mungu, na safari hii hakuna mtu aliyemlazimisha kushukuru.

Aliingia ukumbini amevaa gauni lake la sikukuu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema.

"Mshtakiwa aketi," alisema mwenyekiti.

Alidhani ni kwa ajili ya watu. Akaketi. Mwalimu Hoza akafungua faili, akavaa miwani, akasoma: "'Cheti cha Usalama. Mimi, Mwamvua Kilindi, fundi, nimepima kwa mikono yangu na kujiridhisha kwamba nailoni pamoja na kitambaa havina madhara yoyote kwa betri. Nimeishauri Mamlaka iongeze vitambaa, ingawa Mamlaka ilisita.' Saini hii ni ya nani?"

Karatasi ikaletwa mbele yake. Maneno yalichapwa vizuri, yamebanwa juu ili yaiachie saini nafasi.

"Saini ni yangu," alisema Mwamvua. "Lakini hii karatasi ilikuwa nyeupe."

"Nyeupe?"

"Mwalimu, si wewe uliyenipa? Ulisema nisihangaike kurudi."

"Nani alisema?" Mwalimu Hoza alitazama wajumbe kwa huruma, kama mtu aliyeletewa mgonjwa. "Fundi mwenye miaka kumi na minane kazini, atie saini karatasi nyeupe? Na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nilikuwa namfukuza kwa hilo."

Wajumbe wakacheka kwa adabu. Alimruka kimanga mchana kweupe, wala sauti yake haikutetemeka. Mwamvua aliona aibu, aibu ya kweli, kana kwamba ndiye aliyefanya jambo hilo. Alijitazama mikono. Ndipo akasema, "Muulizeni mume wangu. Ripoti yenyewe aliisoma kwa sauti."

Shomari aliletwa, mikono yake imefungwa bendeji mpaka viwiko. Alisimama kishujaa. Alikuwa amejiandaa usiku na mchana kumtetea mkewe.

"Shahidi, je, mkeo aliwahi kukwambia kwamba betri hizi ni hatari?"

"Kila siku! Tangu mwezi wa pili. Alipima, akaona moto kwa macho yake, akaandika kurasa nne."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua kuliko mtu yeyote katika nchi hii!"

"Na ni yeye aliyevua nailoni kwenye gari lako, lako peke yako, kabla wakaguzi hawajamkuta?"

"Ni yeye. Alikuwa anataka nisiungue."

"Andika, karani," alisema Mwalimu Hoza taratibu, kama anayesomea darasa imla. "Alijua kuwa ni hatari. Akawaacha wananchi wote, akamwokoa mumewe. Kisha akatia saini kwamba ni salama."

Shomari alimtazama karani akiandika. Kila alichosema kilikuwa kweli, na sasa kilikuwa kimegeuzwa kamba, na kamba imeshafika shingoni mwa mkewe. "Mama Zuwena," alisema. "Mama Zuwena, nimefanya nini?"

"Umesema kweli, baba. Kaa chini, usije ukaumiza mikono."

Hukumu ilikuwa miaka sita gereza la wanawake, akifuma vitambaa vya Mshukuru. Mheshimiwa Daktari Daktari Matumla aliisifu kwa kuwa inajenga.

*

Askari wawili walimtoa kwa mlango wa nyuma, ambako wakubwa huegesha magari yao kwenye banda lenye kivuli. Gari la magereza lilikuwa bado halijafika, wakasimama kusubiri. Fundi wa magari hawezi kusimama karibu na gari bila kuchungulia ndani. Ni kama daktari na mtu anayekohoa. Mwamvua akachungulia.

Juu ya dashibodi ya gari la Waziri hapakuwa na kitu. Akainama kidogo. Mshukuru alikuwa chini, miguuni, upande usiopata jua, hana nailoni, hana kitambaa, matundu yake wazi yamepanguswa vumbi. Akaenda la pili. Vile vile. La mkuu wa polisi, la mkuu wa majeshi, la mke wa Mlezi aliyeongoza akina mama kufuma. Askari walimwacha azunguke, maana hata wao hawakuona ubaya wa mtu kutazama magari. Alizunguka yote kumi na mawili. Mawili ya mwisho yalikuwa ya Mwalimu Hoza, lile la kwanza na lile la kulifuata. Yote yalifanyiwa kila jambo kama ripoti ilivyoagiza, na fundi aliyeyafanya alikuwa fundi mzuri.

Mwalimu mwenyewe alitokea mlangoni na funguo mkononi. Alipomwona alisita, kisha akaja. Mbele ya askari wawili wasio na maana alikuwa tena mtu yule wa zamani.

"Uliisoma," alisema Mwamvua.

"Niliisoma mara mbili, mwanangu. Nikatoa nakala, nikagawa kwa wakubwa wote, na kila mmoja aliifanyia kazi siku hiyo hiyo." Alimwekea mkono begani, na macho yake yalikuwa na fahari halisi ya mwalimu. "Ni ripoti nzuri sana. Katika nchi hii haijapata kuandikwa nyingine kama ile."

Kwa miezi mitano alikuwa akimngoja mtu mmoja tu serikalini amwambie maneno hayo. Mwamvua akauondoa ule mkono begani mwake, akalia. Alilia kwa sauti, pale kivulini, katikati ya magari kumi na mawili yaliyo salama kabisa.